Gari la Matangazo Likifika Katoro: Mtumiaji na Kampeni za Kinga ya VVU

Katoro ni mji ulioota kando ya barabara. Njia itokayo Geita mjini kuelekea Chato na Biharamulo hupita katikati yake, na upande mmoja nyumba zake zimeungana na zile za Buseresere, kiasi kwamba mgeni huvuka kutoka Wilaya ya Geita kuingia Wilaya ya Chato bila kutambua. Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu huja hapa kuuza, kununua, kulala na kutumia. Mji wa namna hii hupokea kila gari lenye vipaza sauti: la kampuni ya simu, la sabuni, la mwenye dawa ya kuongeza nguvu, na la kampeni ya afya. Yote hupiga muziki uleule na kuegesha karibu na stendi au sokoni. Mwananchi anayesikiliza ndiye anayeachiwa kazi ya kutofautisha lipi limeleta huduma na lipi limefuata fedha yake.

Somo hili linahusu gari la kampeni ya kinga ya Virusi vya UKIMWI. Halikuandikwa ili kumshawishi msomaji ahudhurie. Wahamasishaji wanaifanya kazi hiyo vizuri kuliko kijitabu. Linamtazama msomaji kama mtumiaji, yaani mtu anayepokea bidhaa na huduma: kondomu, kipimo, tohara, vidonge. Kupewa kitu bila malipo hakumwondolei mtu haki ya kuuliza ubora wake.

Kampeni hizi zilikotoka

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, ambao barabara ya Katoro inaelekea huko. Tangu wakati huo ujumbe wa kinga umesafirishwa kwa njia nyingi. Magari ya sinema yamefika vijijini usiku. Mbio za Mwenge wa Uhuru hubeba ujumbe wa UKIMWI kila mwaka pamoja na ule wa malaria, rushwa na dawa za kulevya. Mwaka 2021 mbio hizo zilihitimishwa Chato. Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ilianzishwa kwa sheria mwaka 2001. Mwaka uliofuata mgodi mkubwa wa Geita ulianza utaratibu wa kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano hayo. Mwezi Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima hadharani kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji wa hiari, na mwaka 2018 ikaja kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga zaidi wanaume kwa sababu wao ndio waliokuwa wakisitasita kupima.

Swali ambalo mtumiaji ana haki ya kuliuliza ni hili: je, kelele hizi zote hubadilisha kitu? Kanda ya Ziwa ina majibu kuliko sehemu nyingi za Afrika, kwa sababu majaribio mawili makubwa yalifanyika hapa hapa. Tuyatazame kwa utulivu, kwani yanaeleza kwa nini Mamlaka inajishughulisha na jambo linaloonekana kuwa la wahamasishaji.

Jaribio la kwanza lilifanyika katika Mkoa wa Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya mkoa huo. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Watafiti walichukua jamii 12 na kuzipanga jozi sita. Katika jamii moja ya kila jozi, zahanati na vituo vya afya viliimarishwa ili vitibu vizuri magonjwa ya zinaa kama kisonono na kaswende. Watumishi walifundishwa upya, wasimamizi walitembelea vituo mara kwa mara, wananchi walielimishwa kuhusu dalili, na dawa sahihi zilihakikishwa kuwapo rafuni kila siku. Baada ya miaka miwili, watu walioambukizwa VVU katika jamii hizo walikuwa asilimia 1.2, na katika jamii za jozi ya pili walikuwa asilimia 1.9. Kwa lugha nyepesi, maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40. Ni kweli kwamba jaribio lililofuata huko Rakai, Uganda, ambako watu wengi walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kwa pamoja kila baada ya miezi kadhaa, halikuonyesha punguzo hilo, na wataalamu waliendelea kujadili sababu. Hata hivyo somo la Mwanza halikufutika: mwenye kidonda au usaha akitibiwa mapema karibu na nyumbani kwake, VVU hupoteza mlango mmojawapo.

Jaribio la pili liliitwa Mema kwa Vijana, na Geita ilikuwa miongoni mwa wilaya zake nne. Lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 likiwashirikisha vijana zaidi ya 9,000. Lilikuwa na masomo ya afya ya uzazi shuleni, huduma rafiki kwa vijana katika vituo, na uhamasishaji wa kondomu. Matokeo yake yanapaswa kumfikirisha kila mtayarishaji wa kampeni. Ujuzi wa vijana uliongezeka sana na kauli zao kuhusu mwenendo zikabadilika, lakini maambukizi mapya ya VVU hayakupungua. Ufuatiliaji wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha hali hiyohiyo.

Kwa maoni ya mwandishi, majaribio hayo mawili yakiwekwa meza moja yanasema jambo ambalo wapiga ngoma hawapendi kulisikia. Mtu anaweza kulijibu kila swali la mtangazaji, apewe fulana, kisha arudi machimboni akiwa katika hatari ileile. Kinachobadilisha hali ni ujumbe unaofuatana na kitu halisi mkononi: tiba inayotibu, kipimo kinachosema kweli, kondomu isiyopasuka. Ubora wa kitu hicho ndio unaoihusu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kondomu na vipimo vya VVU huhesabiwa kisheria kuwa vifaa tiba, na husimamiwa kama vinavyosimamiwa vingine vyote.

Ndani ya hema la kupimia

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Kati ya hao, asilimia 82.7 walikuwa wanaijua hali yao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Ukizitazama namba hizo utaona kwamba pengo kubwa liko hatua ya kwanza kabisa. Aliyekwisha kupima kwa kawaida hufika mbali. Anayepotea ni yule asiyepima. Gari la kampeni lina faida yake hapo, kwa kuwa humfuata mtu ambaye asingeacha duara lake kwenda kupanga foleni kituoni siku ya kazi.

Kupima VVU katika kituo cha umma na katika kampeni ya serikali ni bure. Ni hiari pia. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu apime, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe, kama vile amri ya mahakama. Mwenye duara hawezi kumwambia kibarua, "Leta karatasi ya majibu ndipo ushuke." Majibu ni mali ya aliyepimwa. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, na yakaruhusu mtu kujipima mwenyewe.

Ukiingia hemani, tazama. Je, mnayozungumza yanasikika kwa anayesubiri nje? Umepewa ushauri kabla ya kuchomwa kidole? Sindano imefunguliwa mbele yako? Si utovu wa adabu kusema, "Dada, samahani, naomba nione tarehe ya kipimo hiki." Mtoa huduma aliyefundwa vizuri atakuonyesha bila kinyongo. Jua pia kwamba kipimo kimoja kikionyesha dalili za VVU, hilo si jibu la mwisho. Utaratibu wa taifa unataka kipimo cha pili cha aina nyingine kithibitishe. Atakayekuambia umeathirika kwa kipimo kimoja tu na kukuacha uondoke, hajamaliza kazi yake.

Kipimo cha kujipima kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu mtumiaji hubaki nacho peke yake. Kilichoenea zaidi hutumia majimaji ya kwenye fizi: kijiti hupitishwa mara moja juu na mara moja chini, kisha huingizwa katika kichupa cha dawa. Usile wala kunywa chochote kwa dakika 15 kabla. Majibu husomwa ndani ya muda ulioandikwa katika karatasi ya maelekezo, ambao kwa kipimo cha namna hiyo huwa kati ya dakika 20 na 40. Kusoma mapema au kukiacha usiku kucha ukakisome asubuhi ni kujidanganya. Mstari mmoja penye herufi C maana yake hakuna dalili ya VVU iliyoonekana. Mistari miwili, hata kama mmoja umefifia, maana yake nenda kituoni ukathibitishe. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika, hata kama mstari mwingine upo.

Mambo matatu hupuuzwa mara kwa mara. Kwanza, kipimo hiki hutafuta askari wa mwili dhidi ya virusi, wala hakitafuti virusi vyenyewe, na askari hao huchukua muda kujitokeza. Aliyejiweka hatarini wiki iliyopita akipata jibu la kutokuwa na VVU anapaswa kurudia baada ya miezi mitatu. Pili, anayetumia dawa za kufubaza VVU asijipime kwa kipimo hiki ili kuona kama amepona. Dawa zinaweza kukifanya kitoe jibu lisilo sahihi, naye akaacha dozi kwa furaha ya bure. Tatu, joto. Kipimo hutakiwa kuhifadhiwa mahali pasipozidi nyuzi 30. Boksi lililoachwa mchana kutwa ndani ya gari lililofungwa juani, au chini ya bati la kibanda, lina mashaka hata kama tarehe yake haijapita.

Kondomu

Kabla ya kondomu kuruhusiwa sokoni, sampuli za kila toleo hupimwa maabara. Nyingine hujazwa maji ili kutafuta matundu, nyingine hupulizwa hewa mpaka zipasuke ili kujua zimestahimili kiasi gani, na pakiti hukaguliwa kama zimeziba. Zile za Zana, zinazogawiwa bure na serikali, hupita njia hiyo kama zinavyopita zile za kuuzwa. Tunalisema wazi kwa sababu baadhi ya wananchi huamini kuwa cha bure ni hafifu, na badala yake hununua kwa mchuuzi pakiti iliyopigwa jua la mezani miezi mingi.

Udhaifu mwingi wa kondomu huanza baada ya kutoka ghalani. Mpira huharibiwa na joto, jua, msuguano na mafuta. Kondomu iliyokaa wiki tatu kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya mchimbaji, ikikaliwa na kulowa jasho, si ile iliyotoka kiwandani. Kabla ya kufungua, bonyeza pakiti kwa kidole: unapaswa kuhisi hewa kidogo ndani ikiteleza. Pakiti bapa kabisa au yenye unyevu nje imetoboka. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Usiongeze mafuta ya mgando, ya nazi wala ya kupikia, kwani hudhoofisha mpira kwa muda mfupi sana. Kilainishi cha maji hakina tatizo. Usivae mbili kwa pamoja. Ikitumiwa kila mara na kwa usahihi, kondomu hupunguza maambukizi ya VVU kwa takriban asilimia 80 au zaidi. Maneno "kila mara" ndiyo mazito katika sentensi hiyo.

Tohara ya kambini

Wasukuma kwa desturi hawakuwa na tohara, na ndiyo sababu Shinyanga na Geita zimo katika mikoa iliyopewa kipaumbele katika kupanua huduma ya tohara ya kitabibu nchini. Majaribio ya Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda, na Afrika Kusini yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Haimkingi mwenzi wake moja kwa moja, na asilimia 40 iliyobaki bado ipo. Kambi huongezeka wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha.

Uliza utarudi wapi kuangaliwa kidonda gari litakapokuwa limeondoka. Swali hilo moja lina thamani kuliko mengine yote, kwa sababu kampeni huhama na kidonda hubaki. Usipake majivu, samadi wala unga wa mizizi. Pepopunda huingia kwa njia hiyo. Subiri wiki sita kabla ya kujamiiana. Anayeshuka duarani siku ya nne kwa kuogopa kupoteza zamu huhatarisha kidonda chake kwa vumbi na maji machafu, na wenye maduara wangefanya jambo la kiutu kumpumzisha.

Dawa na mtu asiyekaa mahali pamoja

Tuchukue mfano wa mchimbaji aliyeanza dawa za kufubaza VVU katika kituo cha tiba na matunzo jirani na Katoro. Habari zinafika kwamba dhahabu imeonekana Mbogwe. Wenzake wanaondoka usiku. Yeye ana vidonge vya siku tisa. Huko aendako hamjui mtu, na kuomba dawa ugenini ni kujieleza upya mbele ya wageni. Wengi katika hali hiyo huacha tu. Virusi vilivyokuwa vimelala huamka, na vikiamka wakati dawa zinamezwa kwa kurukaruka, huweza kujenga usugu dhidi yake.

Kuna njia tatu halali. Aliyetulia kwenye dawa anaweza kuomba za miezi mitatu, hata sita. Anayehama kabisa huomba uhamisho wa maandishi. Aliyekwama ghafla aende kituo chochote cha tiba na matunzo akiwa na kadi yake au hata kopo tupu la dawa. Aeleze kwamba yuko safarini. Dawa hizi zimetolewa bure nchini tangu mwaka 2004, hivyo anayekuuzia mnadani au kwenye gesti anakuuzia kitu kilichoibwa au cha bandia. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa kiasi cha kutoonekana katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Ndiyo maana siku tisa zile za vidonge hazimhusu yeye peke yake.

Aliyejiweka hatarini jana, kwa kubakwa, kondomu kupasuka au kuchomwa na sindano, asisubiri kampeni. Dawa ya kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora; humezwa siku 28.

Wanaokuja nyuma ya gari

Pale ambapo hema la kampeni limekusanya watu, muuza dawa za miujiza hutandika turubai lake hatua chache pembeni. Nchi hii ina kumbukumbu nzito ya jambo hilo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Ilisemwa kuwa huponya magonjwa sugu, UKIMWI ukiwamo. Bei ilikuwa shilingi 500, ambayo haikumfilisi mtu. Gharama halisi ilikuwa kwa wale walioacha dozi zao wakiamini wamepona. Hadi leo hakuna dawa, ya hospitali wala ya asili, iliyothibitika kumwondolea mtu VVU kwa kunywa kikombe au kumeza vidonge.

Hatusemi haya kuwadharau waganga. Tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza lake linalosajili watoa huduma, na mganga aliyesajiliwa hana sababu ya kujificha. Muombe cheti chake. Mwenye kudai kuponya VVU, akakutaka uache vidonge, kisha akasisitiza kwamba nafasi ni ya leo tu, amejieleza mwenyewe.

Wala hatari haiko mnadani pekee. Mwaka 2012 dawa bandia za kufubaza VVU ziligunduliwa katika hospitali ya wilaya huko Tarime, zikiwa ndani ya makopo yenye lebo ya kawaida, na toleo hilo likaondolewa kwenye matumizi. Zilikuwa zimeingia kwa mlango wa mbele. Kwa hiyo mgonjwa aliyezoea kidonge chake akiona rangi, umbo au harufu imebadilika, aulize kabla ya kumeza. Mara nyingi ataambiwa kuwa aina imebadilishwa na maelezo yatakuwa sahihi. Mara chache jicho lake litakuwa limewatangulia wakaguzi.

Vivyo hivyo kwa magonjwa ya zinaa. Katika duka la dawa muhimu usikubali kidonge cha rangi mbili kimoja au viwili kwa bei ya mfukoni, vilivyofungwa katika karatasi ya daftari. Dozi nusu huondoa maumivu na kuacha ugonjwa. Jaribio la Mwanza lilifanikiwa kwa dawa sahihi na dozi kamili, na wenza nao wakatakiwa kutibiwa.

Kutoa taarifa

Ukitilia shaka bidhaa, iwe ya kununua au ya kupewa, acha kuitumia lakini usiitupe. Iweke kando na pakiti yake. Andika uliipata wapi, siku gani, na kutoka kwa nani ikiwa unamjua. Peleka taarifa kituo cha afya kilicho karibu, kwa mfamasia wa wilaya, au ofisi ya kanda ya Mamlaka; ushauri wa afya kwa simu hupatikana pia kupitia namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Huhitaji kueleza hali yako ya VVU ili taarifa ipokewe. Hata pakiti tupu inatosha, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapwa ukingoni ndiyo itakayoonyesha kama tatizo ni la duka moja la Katoro, au ni la shehena nzima iliyokwisha kusambazwa Chato, Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale.